Ukienda Tikal, Lala Huko

Wageni wengi wanaofika Tikal, mji mkongwe wa Wamaya kaskazini mwa Guatemala, hukaa saa nne au tano tu. Basi dogo huwashusha jua likiwa limeshapanda, huuona uwanja mkuu, hupanda hekalu moja au mawili, hupiga picha, kisha hurudi kulala mjini Flores. Wamefika kweli, ila wamefika saa mbaya. Mchana wanyama wamejificha vivulini, mawe meupe yanaumiza macho, na makundi ya watalii yanapishana njiani. Makala haya ni ya msomaji anayepanga safari hiyo au anayefikiria kuipanga, na ushauri wangu mkuu nautoa mapema: lala ndani ya hifadhi, walau usiku mmoja. Alfajiri na jioni ndipo mji ule na msitu wake huonekana kuwa kitu kimoja.

Tikal iko katika mkoa wa Petén, nyanda za chini zenye msitu wa mvua unaoendelea hadi Meksiko na Belize. Watu walianza kuishi hapo karne nyingi kabla ya Kristo. Jiwe la kumbukumbu la zamani zaidi lenye tarehe inayosomeka lilichongwa mwaka 292, na la mwisho mwaka 869. Katikati ya miaka hiyo ulitawala ukoo wa wafalme uliopigana kwa vizazi na Calakmul, mji hasimu ulioko Meksiko ya leo, ukashindwa, ukainuka tena, na mwaka 695 ukapata ushindi mkubwa. Mahekalu marefu unayoyaona leo mengi yalijengwa baada ya ushindi huo. Kufikia karne ya 10 mji ulikuwa umehamwa. Hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 576, ilitangazwa mwaka 1955, na mwaka 1979 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa sababu mbili kwa pamoja, utamaduni na mazingira.

Aliyewahi kutembea Gede, karibu na Malindi, ameshaona kuta za mji uliomezwa na msitu, na anaweza kudhani Tikal ni vivyo hivyo, ila kubwa kidogo. Gede huzungukwa asubuhi moja. Eneo la katikati la Tikal lililochorwa ramani ni kilomita za mraba 16, na ndani yake kuna majengo zaidi ya 3,000, ambayo mengi hayajafukuliwa na yanaonekana kama vilima vilivyoota miti. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya kuupima msitu wa kaskazini mwa Guatemala kwa miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege. Katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 yalijitokeza majengo zaidi ya 60,000, pamoja na barabara zilizoinuliwa, mashamba ya matuta na maboma. Kwa hiyo ukiwa njiani Tikal ukaona kilima chenye umbo la kushangaza, usikipuuze. Huenda palikuwa nyumbani kwa watu.

Kufika

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kinshasa hadi Guatemala. Utapitia Ulaya au Marekani. Hapo pana jambo la kuangalia kabla ya kulipia tiketi: anayepitia Marekani kwa pasipoti ya nchi zetu huhitaji viza ya kupita hata kama hana nia ya kutoka nje ya uwanja wa ndege, na baadhi ya nchi za Ulaya nazo zina sharti kama hilo kwa pasipoti fulani. Tiketi ya bei nafuu inaweza kukugharimu safari nzima. Masharti ya viza ya Guatemala yenyewe hutegemea uraia wako na wakati mwingine viza nyingine ulizo nazo, basi ulizia mapema ubalozini. Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani mambo ni mepesi zaidi, kwani kuna ndege za moja kwa moja hadi Jiji la Guatemala kutoka Houston, Miami na Los Angeles.

Usisahau kadi ya njano. Guatemala hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo. Mtanzania naye aibebe, kwa sababu akibadilisha ndege Nairobi au Entebbe maswali yanaweza kuanza. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwani cheti huanza kutambulika baada ya muda huo.

Kutoka Jiji la Guatemala, ndege ndogo hufika uwanja wa ndege wa Santa Elena kwa takriban saa moja. Kwa basi ni safari ya kilomita 500 hivi, saa 8 hadi 10, na mengi husafiri usiku. Anayetokea Belize huvuka mpaka Melchor de Mencos na kufika siku hiyo hiyo. Santa Elena imeunganishwa kwa daraja na Flores, mji mdogo ulioko kisiwani katika ziwa Petén Itzá. Wengi huufanya Flores kituo cha kulala tu, lakini chini ya nyumba zake za rangi rangi ndipo palipokuwa Nojpetén, makao makuu ya Waitza, ufalme wa mwisho wa Wamaya kutekwa na Wahispania. Ulianguka Machi 1697, zaidi ya miaka 150 baada ya Wahispania kuyatwaa maeneo mengine ya nchi.

Kutoka Flores hadi Tikal ni zaidi ya kilomita 60 kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi dogo la abiria. Njiani kuna kijiji cha El Remate kando ya ziwa, chenye nyumba za wageni za bei ya kawaida. Ukikosa nafasi ndani ya hifadhi, lala hapo badala ya Flores, utaokoa nusu ya safari ya alfajiri. Ndani ya hifadhi kwenyewe, karibu kabisa na magofu, kuna hoteli tatu tu: Jungle Lodge, Tikal Inn na Jaguar Inn. Umeme huko huwa wa saa maalumu na intaneti ni ya kubahatisha, kwa hiyo chaji simu mapema. Pia soketi za Guatemala ni za volti 120 na plagi ya pini mbili bapa kama ya Marekani, hivyo plagi ya pini tatu ya kwetu haitaingia.

Tena kuna suala la saa. Guatemala iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 9, na wao huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa 4:00, kwetu hiyo ni saa 10 ya alfajiri, na mwenye kuisoma kwa mazoea ya nyumbani atakuwa bado amelala gari linapoondoka.

Kiingilio, majira na afya

Hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kwa miaka kadhaa kiingilio cha mgeni kimekuwa quetzal 150 (quetzal ni fedha ya Guatemala), na anayetaka kuingia kabla ya mapambazuko hulipa tiketi ya ziada ya quetzal 100 na lazima awe na mwongoza wageni mwenye kibali. Bei hubadilika, basi hakikisha kabla ya kuondoka Flores. Beba fedha taslimu katika noti ndogo, usitegemee kadi wala mashine ya kutolea pesa ukishafika msituni. Lango la kulipia liko karibu kilomita 17 kabla ya magofu, na barabara kati ya lango na magofu ina vibao vinavyotahadharisha juu ya jagwa, nyoka na bata mzinga wa porini. Madereva huzuiwa kwenda kasi hapo, na ukiona dereva wako anakimbiza gari, mwambie apunguze.

Miezi ya ukame ni Desemba hadi Aprili. Njia huwa kavu na mbu hupungua, ila Machi hadi Mei joto ni kali mno. Mvua hunyesha zaidi Juni hadi Oktoba, mara nyingi alasiri, na anayestahimili tope atapata magofu yenye watu wachache na msitu wa kijani kibichi. Kwangu mimi Desemba na Januari ndiyo miezi mizuri zaidi kwa safari ya kwanza, japo usiku kunaweza kuwa na ubaridi, basi beba sweta.

Malaria ipo Petén, nyingi ikiwa ya aina ya vivax, na dengi pia ipo. Aliyekulia kwenye malaria asidhani kinga ya mwili wake itamtosha, hasa kama ameishi Ulaya au Ghuba kwa miaka. Muulize daktari kuhusu dawa ya kujikinga. Usubi wa msituni nao hueneza lishmania, ugonjwa wa vidonda visivyopona haraka, ambao wagema utomvu wa Petén wameujua kwa vizazi kwa sababu huwala ncha za masikio. Vaa mikono mirefu na suruali ndefu, na paka dawa ya kufukuza wadudu kila unapotoka jasho. Ukirudi nyumbani na kidonda kisichofunga au homa, mweleze daktari kwamba ulikuwa Guatemala. Hospitali kubwa ya karibu iko San Benito, jirani na Santa Elena, na huo ni mwendo mrefu kwa mtu aliyevunjika mguu, kwa hiyo bima ya safari si anasa.

Mji usio na mto

Kabla hujaingia, jaza chupa za maji, lita 2 au 3 kwa kila mtu. Watu hushangaa kwa nini kiu ya Tikal ni kali hivyo, na jibu lake ndilo ufunguo wa kuuelewa mji wote. Tikal haina mto, haina chemchemi, haina ziwa. Imejengwa juu ya mwamba wa chokaa unaonyonya maji kabla hayajatulia. Kwa mwaka hunyesha mvua ya karibu milimita 1,900, nyingi sana, lakini hukoma kwa miezi kadhaa mfululizo. Makumi ya maelfu ya watu waliishi hapo wakitegemea mvua pekee.

Walifanyaje? Waliufanya mji wote kuwa kinga ya maji. Viwanja vilisakafiwa kwa chokaa na kupewa mwinamo kidogo, kiasi ambacho mguu hausikii lakini maji yanasikia, ili kila tone literemke kwenye malambo yaliyochimbwa mabondeni. Baadhi ya barabara kuu zilizoinuliwa zilikuwa pia kingo za malambo hayo. Ukiwa kwenye majengo ya ikulu, upande wa kusini wa uwanja mkuu, nenda hadi ukingoni ukatazame chini. Lile bonde lenye miti lilikuwa lambo la ikulu. Wageni wengi hulipita bila kugeuza shingo, kwa sababu halina kibao cha kuvutia, na kumbe bila lambo lile kusingekuwa na ikulu.

Mwaka 2020 zilichapishwa tafiti mbili juu ya malambo ya Tikal, na ningependa kila mwongoza wageni azisimulie. Katika lambo linaloitwa Corriental watafiti walikuta mchanga wa kwatzi na madini ya zeolaiti, ambayo hayapatikani kiasili mahali hapo. Yaliletwa kutoka mbali ili kuchuja maji, na zeolaiti bado hutumika leo kwenye vichujio vya maji. Katika malambo ya katikati ya mji, yale yaliyo chini ya ikulu na hekalu, tope la zamani lilikuwa na zebaki nyingi na mabaki ya bakteria wenye sumu. Zebaki hiyo ilitokana na rangi nyekundu ambayo Wamaya waliipaka majengo, makaburi na vyombo vyao; mvua iliisuuza kutoka kutani ikaiteremsha hadi kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo unapoyatazama mahekalu ya kijivu, yafikirie yakiwa mekundu, kisha ukumbuke kwamba uzuri huo uliwalisha sumu polepole watawala walioishi karibu nao. Ukame wa karne ya 9 uliwakuta hapo, pamoja na vita na ardhi iliyochoka.

Kutembea ndani ya magofu

Ukiingia, utapita chini ya msufi mkubwa ajabu wenye matawi yaliyobeba mimea mingine. Ni msufi uleule unaojaza mito na magodoro ya sufi pwani ya Afrika Mashariki. Kwa Wamaya ulikuwa, na bado ni, mti mtakatifu unaoshika mbingu, ardhi na kuzimu, na leo ni mti wa taifa wa Guatemala.

Chukua mwongoza wageni mwenye kitambulisho rasmi, walau kwa mzunguko wa kwanza. Njia nyingi zinafanana, vibao ni vichache, na watu wamewahi kupotea humo, wengine wakapoteza maisha. Usiache njia hata kwa hatua chache za kufuata ndege. Pakua ramani kwenye simu kabla, kwa sababu mtandao hukatika, na mwambie mtu wa hoteli unaelekea upande gani.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kundi la majengo liitwalo Kundi Q, ambalo wengi hulipita kwa haraka wakikimbilia uwanja mkuu. Wamaya wa Tikal walikuwa na desturi ya kusherehekea kila miaka 20 ya kalenda yao kwa kujenga piramidi mbili pacha, moja mashariki na moja magharibi, zenye ngazi pande zote nne. Kundi Q ni la mwaka 771. Mbele ya piramidi ya mashariki yamepangwa mawe yaliyosimamishwa, kila moja na meza yake ya mviringo ya kutolea sadaka, na hayana mchongo wowote. Upande wa kaskazini kuna kijumba kisicho na paa, na ndani yake jiwe moja lenye mchongo. Sogea karibu asubuhi au jioni, jua likipiga kwa ubavu, utamwona mfalme Yax Nuun Ahiin wa Pili amevaa taji kubwa la manyoya, mkono wake mmoja ukimwaga kitu kama matone au punje. Kando yake kuna safu za maandishi. Maandishi hayo hayakusomeka kwa karne nyingi, hadi Yuri Knorozov, mtaalamu wa Kisovieti, alipoonyesha mwaka 1952 kwamba yana alama za silabi, na Tatiana Proskouriakoff akathibitisha mwaka 1960 kwamba mawe kama haya yanasimulia maisha ya wafalme halisi. Sasa yanasomwa kama kitabu cha historia, kwa hiyo usiyaguse. Mafuta ya vidole huharibu mawe ya chokaa kuliko unavyodhani.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi uwanja mkuu. Hekalu la Kwanza, la mita 47, linatazamana na Hekalu la Pili. Chini ya lile la kwanza alizikwa Jasaw Chan K'awiil, mfalme aliyeleta ushindi wa mwaka 695. Kaburi lake lilifukuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliofanya kazi Tikal kuanzia 1956 hadi mwisho wa miaka ya 1960. Pamoja na vito vya jedi walikuta mifupa iliyochorwa kwa mistari myembamba, na mmoja unaonyesha mtumbwi uliobeba mungu wa mahindi pamoja na wanyama, ukipigwa makasia na miungu wawili. Hekalu la Pili linahusishwa na mke wake, basi wawili hao wanatazamana hadi leo.

Hekalu la Kwanza haliruhusiwi kupandwa, baada ya ajali za watu kuanguka. Usijaribu hata kama hakuna askari karibu. Mengine yamewekewa ngazi za mbao, ambazo zinamlinda mgeni na zinalinda jengo. Zikiwa zimelowa, zinateleza. Panda ukishika mbao, shuka ukitazama ngazi, na mwenye kizunguzungu cha urefu asione haya kubaki chini.

Hekalu la Nne, la urefu wa karibu mita 65, lilijengwa na mwana wa Jasaw, Yik'in Chan K'awiil, yapata mwaka 741. Hapo ndipo watu hungojea jua lichomoze. Nasema wazi ili usije ukavunjika moyo: alfajiri nyingi kuna ukungu, na jua usilione kabisa. Unachopata kwa hakika ni sauti. Kabla ya mwanga, kima wangurumaji huanza kuitana kutoka pembe zote za msitu, mngurumo mzito unaosikika kilomita kadhaa, na anayeusikia mara ya kwanza hudhani ni jagwa. Kisha ndege huamka kwa zamu. Ukungu ukipasuka, vilele vya mahekalu hujitokeza juu ya miti, na kama umetazama filamu ya kwanza ya Star Wars ya mwaka 1977 utaitambua picha hiyo, kwani ilipigwa hapo hapo. Nyamaza. Waongoza wageni wazuri huwaomba watu wao wazime simu na wasizungumze, na ombi hilo ni la haki.

Mbao za juu ya milango ya hekalu hilo, zilizochongwa kwenye mti mgumu wa zapote, hazipo tena. Zilipelekwa Uswisi baada ya ziara ya msafiri Gustav Bernoulli ya mwaka 1877, na ziko katika jumba la makumbusho la Basel. Msomaji anayeishi Uswisi anaweza kuziona huko bila kupanda ndege.

Jioni, nenda kwenye piramidi kubwa ya eneo liitwalo Mundo Perdido, la zamani kuliko mahekalu marefu, lililopangwa kwa kufuata mzunguko wa jua. Ni pazuri kwa machweo na huwa na watu wachache kuliko Hekalu la Nne. Hekalu la Sita liko mbali upande wa kusini-mashariki. Usiende huko peke yako.

Wanyama na watu

Kima buibui hucheza juu ya njia na wakati mwingine huangusha matawi, kwa hiyo usisimame chini yao ukitazama juu mdomo wazi. Koati, mnyama mwenye pua ndefu na mkia uliosimama, hutembea kwa makundi na ataiba chakula chako ukizubaa. Usimlishe, kwani mnyama aliyezoea mkate wa watalii huishia kuuma watu. Bata mzinga wa Petén, mwenye manyoya ya shaba na bluu, hana woga na atapita karibu yako uwanjani. Kuna tukani, kasuku, na kwa mwenye bahati kubwa, jagwa. Nyoka wa kuogopwa ni yule waitwaye barba amarilla, mwenye sumu kali na anayejificha vizuri kwenye majani makavu. Viatu vya kufunika vifundo, tochi alfajiri, na kutotia mkono mahali usipopaona vitakukinga vya kutosha. Tazama pia unapotaka kushika au kukalia, maana siafu na miiba vipo.

Usitoke Tikal ukiamini kwamba Wamaya walitoweka. Sensa ya mwaka 2018 ilikuta zaidi ya asilimia 40 ya watu wa Guatemala ni Wamaya, na lugha zao nchini humo ni 22. Wazee wao wa dini bado huja uwanja mkuu kuwasha moto, ubani na mishumaa mbele ya mahekalu. Ukikuta ibada, simama mbali, vua kofia, na usipige picha bila kuomba ruhusa. Kwa nchi ambayo vijiji vya Wamaya viliteketezwa na maelfu wakauawa wakati wa vita vya 1960 hadi 1996, kuruhusiwa kuomba hadharani mahali pa mababu zao si jambo dogo.

Ukiuziwa kigae, sanamu au kipande cha jedi kinachodaiwa kuwa cha kale, kikatae. Kama ni cha kweli, kimeibwa kaburini na kukitoa nchini ni kosa la jinai. Kama ni bandia, umeibiwa wewe. Nunua badala yake kazi za mbao za vijana wa El Remate, au kula kwenye vibanda vilivyo karibu na magofu: maharage, kuku, na chapati za mahindi kutoka nchi ambayo mababu wa wenyeji wake ni miongoni mwa waliokuza zao hilo ambalo sisi tunalisongea ugali kila siku.

Tikal imo ndani ya eneo kubwa zaidi lililohifadhiwa tangu mwaka 1990, la zaidi ya hekta milioni 2. Sehemu zake za magharibi zimeliwa na moto na ranchi za ng'ombe zilizofunguliwa kinyume cha sheria. Mahali ambapo msitu umesimama imara, mara nyingi ni pale wanakijiji walipopewa haki ya kuvuna mbao kwa kipimo, utomvu wa ubani wa kutafuna, na majani ya mapambo. Uaxactún, kilomita zipatazo 23 kaskazini mwa Tikal, ni kijiji cha namna hiyo, na nyumba zake zimepangwa kando ya uwanja wa zamani wa ndege katikati ya magofu. Kuna majengo yaliyopangwa kuonyesha maawio ya jua ya siku ndefu na fupi za mwaka. Ukiwa na siku ya ziada, itumie huko, ukiwalipa wenyeji wenyewe kwa mwongozo, chakula na malazi. Usafiri wa umma ni mchache na barabara ni ya vumbi, hivyo ulizia siku moja kabla, na ukubaliane na dereva saa ya kurudi kwa kuitaja vile wanavyoihesabu wao.

Wenye hamu ya zaidi huuliza kuhusu El Mirador, mji wa kale zaidi wenye piramidi ya La Danta, ya mita 72 hivi. Hakuna barabara. Watu hutembea kutoka kijiji cha Carmelita, siku 5 au 6 kwenda na kurudi, wakilala kwenye mahema, nyumbu wakibeba maji na chakula. Ifanye miezi ya ukame tu, kupitia ushirika wa wanakijiji wa Carmelita, na baada ya kuwa umeshaijaribu miguu yako Tikal.